Ukurasa wa Mzee Nukta

Kila asubuhi mama alionja chai mara mbili kabla ya kumpa mumewe. Alionja ya kwanza akiwa amesimama jikoni, akaongeza majani au maji, akaonja tena, kisha akaipeleka sebuleni akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Macho yake hayakutulia mpaka amwone baba amemeza. Ukimuuliza, atakwambia anaangalia isiwe ya moto. Si kweli. Siku baba alipoanguka, maneno ya mwisho kumtoka kinywani yalikuwa haya: "Chai gani hii? Maji ya kuoshea vyombo?" Kikombe kikamponyoka, naye akateleza kitini wakaenda chini pamoja. Tangu siku hiyo hakutamka neno lingine ambalo mtu angeweza kulielewa. Sasa fikiria wewe mwenyewe. Umeishi na mtu ujana wako wote, mmezaa, mmezika, mmecheka mpaka mbavu zikauma, halafu neno la mwisho unaloachiwa ni maji ya kuoshea vyombo.

Daktari alisema wazi kwamba akili yake haikuguswa. Kilichoguswa ni ulimi na upande mzima wa kulia. Lakini watu wana masikio ya ajabu, wanasikia wanachokitaka. Jirani alikuwa akichungulia dirishani na kupiga kelele, "MZEE! UMEAMKAJE?" utadhani anamwita mtu wa ng'ambo ya mto. Wageni walimuuliza mama, "Anakula?" na mwenyewe yuko pale pale anawatazama. Walimfuta mate bila kumwambia samahani. Na huyu alikuwa mtu wa kiwanda cha kupiga chapa, mpanga herufi, ambaye wenzake walimwita Mzee Nukta kwa sababu hakuna ukurasa uliowahi kutoka mikononi mwake bila nukta yake mahali pake. Alikuwa radhi mashine isimame, mkubwa wa kiwanda afoke mpaka apasuke, lakini nukta iwekwe.

*

Kompyuta iliingia nyumbani baada ya ugonjwa. Ilikuwa ya mkono wa pili, kubwa, yenye feni iliyokoroma, nayo ikawekwa sebuleni juu ya meza ya zamani ya kupigia pasi kwa sababu hapakuwa na pengine. Mwenye nayo alikuwa binti yao, ambaye nyumbani anaitwa Kiherehere tangu utotoni, maana hajawahi kusubiri sufuria ichemke bila kufunua kifuniko. Alikuwa amechukuliwa kwa muda na kampuni ndogo inayotengeneza programu ya maduka ya dawa. Kazi yake ilikuwa kuijaribu ile programu mpaka iharibike, kabla wauza dawa hawajaiharibu mbele ya wagonjwa.

Shida ni kwamba maduka mengi yalikuwa bado na kompyuta za mfumo wa zamani, na Kiherehere alikuwa na kompyuta moja tu, tena ya mfumo mwingine. Kampuni ikamwambia, tengeneza mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya hiyo hiyo uliyo nayo. Akaitengeneza siku mama alipompeleka baba kliniki kunyooshwa viungo. Ilimtoa jasho. Mara ya kwanza mashine ilikataa kabisa. Akagundua ruhusa yake ilikuwa imefungwa kule ndani kabisa, kwenye zile kurasa za bluu zinazotokea kompyuta inapowaka, ambazo mafundi wengi huogopa kuzigusa. Akazigusa. Akaigawia mashine pepe nusu ya kumbukumbu, akaikatia kipande cha diski, akaweka mfumo wa zamani na kukaa akiutazama ukitambaa mpaka ukafika. Ndani ya dirisha dogo herufi zilikuwa za kusomea darubini, kwa hiyo akaipanua ikajaza kioo chote. Ukiingia sebuleni usingejua kuwa unachokiona si kompyuta yenyewe. Mwisho akaihifadhi hali yake hiyo ya mwanzo, kabla haijachafuliwa na kitu, akaiita Safi.

Mama aliporudi na kumlaza baba, alimkuta binti anamsubiri uani kwenye kamba ya nguo.

"Mama, nimepata kompyuta ya pili!"

"Nani kakupa?"

"Hakuna aliyenipa. Iko ndani ya ile ile."

Mama alikuwa na vibanio vya nguo mdomoni. Akavitoa. "Ina mimba?"

"Eeh, tuseme ina mimba." Kiherehere akacheka. "Hiyo ya ndani inajiona ni kompyuta kamili, haijui kama iko tumboni mwa nyingine. Mimi naitesa ninavyotaka. Naijaza takataka, naiangusha, halafu nabonyeza mahali pamoja tu, inarudi kama siku niliyoizaa. Haikumbuki kitu."

"Na ya nje?"

"Ya nje hata habari haina."

"Heri yake," mama akasema, akakunja shuka. Kisha akauliza, "Baba yako umemweleza? Si alikuwa mtu wa mambo hayo?"

"Nitamweleza."

Hakumweleza. Wala hakuwa na ubaya. Ni kwamba katika nyumba ile mtu alikuwa akimwambia baba fungua mdomo, inua mguu, geuka huku, basi. Habari za dunia alikuwa haelezwi tena, na hakuna aliyeiona siku ambayo zilikoma. Hapo ndipo lilipokuwa kosa lote la hadithi hii, na halikuwa la mashine.

*

Utaratibu wa Kiherehere ulikuwa huu. Asubuhi aliiwasha programu ndani ya mashine pepe na kuiacha ikizunguka peke yake, aone kama itachoka. Yeye akaenda madukani kusikiliza malalamiko ya wauza dawa, na mama akaenda kwenye karakana ya sare za shule alikoshona. Mchana Kiherehere alirudi, na hata kabla hajavua viatu alikuwa ameshabonyeza kuirudisha mashine kwenye Safi, aanze majaribio mapya. Kila jaribio lazima lianze kwenye mashine isiyo na doa, ndivyo kazi ile inavyotaka.

Na asubuhi, nyumba ikishatulia, Mzee Nukta alikuwa anaamka kwenye kochi.

Kutoka kochi hadi kwenye ile meza ni hatua ambazo mimi na wewe hatuzihesabu. Kwake ilikuwa safari. Alishika mgongo wa kochi, akashika kabati, akapumzika, akashika ukingo wa meza, akajishusha kitini kama mzigo wa udongo. Miaka yake ya mwisho kiwandani walimtoa kwenye herufi za risasi wakamweka kwenye kompyuta, kwa hiyo alijua njia. Programu ya binti yake hakuifunga, maana aliheshimu kazi ya mtu. Aliikunja tu ikalala chini ya kioo. Akafungua ukurasa mtupu. Kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, mkono ambao maisha yake yote haukuwahi kuandika hata jina lake, akaanza.

*Mke wangu, kuhusu ile chai.*

Sentensi hiyo peke yake ilimlia asubuhi nzima. Kidole kilikuwa kinaangukia herufi ya jirani, na yeye hakuwa mtu wa kuacha kosa nyuma. Alifuta, akarudia, akafuta. Alipochoka alihifadhi, akaukunja ukurasa, akarudi kochini akiwa ameloa jasho na furaha imemjaa kifua. Alikuwa na mengi ya kumalizia, lakini mwanzo umepatikana.

Jioni, Kiherehere alipokwenda kuoga, baba alimwonyesha mama ile kompyuta kwa kidole. Alionyesha kwa nguvu, akatoa na sauti.

"Haya, haya, nakuja," mama akasema. Akamwinua, akampeleka chooni.

Kesho yake ukurasa haukuwepo. Akautafuta kila mahali anapopajua. Akasema moyoni, labda sikuhifadhi. Akaandika upya, akahifadhi mara mbili. Siku iliyofuata haukuwepo tena. Akaandika upya. Mara hii akachomoa kifungo kilichokuwa kinaning'inia kwenye mkono wa shati lake, akakiweka kando ya kibodi kiwe shahidi wake. Nikikikuta kesho, nitajua kweli nilikaa hapa.

Alifanya hivyo bila kukumbuka ameoa fundi wa nguo. Mama haoni kifungo kimezagaa akakiacha. Alikiokota jioni ile wakati anapangusa vumbi, akakitia kwenye kopo lake la vifungo bila hata kufikiri. Asubuhi hapakuwa na ukurasa, na kifungo hakikuwepo. Mzee Nukta akakaa kwenye kile kiti akiitazama meza iliyopanguswa vizuri, na kwa mara ya kwanza tangu augue akaogopa. Mguu kufa alikuwa ameukubali. Ulimi alikuwa anauombea. Lakini kama anaandika kitu na hakipo, anaweka kitu na hakipo, basi labda hakuandika, wala hakuweka. Labda hivi ndivyo kichwa kinavyoondoka, na mwenyewe ndiye wa mwisho kujua.

Aliinuka kwa haraka, bila kushika kabati. Jirani alipochungulia dirishani alimkuta sakafuni.

*

Habari ilimfikia Shangazi kabla ya jioni, kwa simu ya jirani huyo huyo. Shangazi ni dada mkubwa wa baba, mjane, anaishi mbali kwenye nyumba yenye vyumba vingi na watu wachache. Yeye ndiye aliyembeba baba mgongoni alipokuwa mdogo, na hajawahi kumshusha. Alipiga simu wakati wanakula. Mama alikuwa anamkatia baba vipande, mikono ina mafuta, kwa hiyo akaweka sauti ya nje.

"Wifi yangu, nakupenda na Mungu anajua. Lakini mtu aliyepotewa na akili haachwi peke yake asubuhi nzima."

"Wifi, daktari alisema akili yake nzima."

"Daktari halali naye! Jirani amemkuta sakafuni, karibu na meza ya umeme. Mtu mwenye akili zake anafuata nini kwenye kompyuta?"

Mama akamtazama Kiherehere. Kiherehere akatazama sahani.

"Huyo sasa ni mtoto," Shangazi akaendelea, na sauti yake ikalegea. "Mtoto wangu alikuwa tangu mwanzo, basi amerudi kuwa mtoto. Jumamosi nakuja na gari. Nitamtunza mpaka Mungu atakapopenda. Wewe utakuja kumwona kila upatapo nafasi. Unashinda karakanani, binti anashinda madukani. Sema ukweli, wifi, mtamfungia ndani mpaka lini?"

"Tutaongea," mama alisema, na kila aliyekuwa pale mezani alielewa kwamba ameshindwa.

Baba alikuwa ameacha kutafuna. Alisikia kila neno, na kibaya zaidi, aliona dada yake anasema kweli. Tangu jioni ile alikataa mpira wa kufinya aliopewa kliniki, akakataa kunyooshwa mguu, akageukia ukuta. Asubuhi mama alipomletea chai aliyoionja mara mbili, alimeza na kufumba macho. Mama akaenda kazini, na huko akashona mfuko wa shati la sare upande wa mgongo.

*

Kiherehere naye alikuwa na lake. Siku chache nyuma alikuwa amewaandikia kazini kwamba programu ina kasoro ya ajabu: asubuhi, ikiachwa peke yake, inajikunja. Siku hiyo bosi wake akampigia, na waandika programu walikuwa pembeni wanasikiliza.

"Inajikunja yenyewe?" mmoja akauliza. "Dada, nyumbani kuna paka?"

"Hatuna paka."

Wakacheka. Walicheka kile kicheko cha watu wenye ajira ya kudumu. Kiherehere alihisi masikio yanawaka.

"Nyamazeni," bosi akasema. Alikuwa mama wa makamo asiyependa maneno mengi. "Mdogo wangu, nakuamini kwamba umeiona. Lakini kila ukirudi, unairudisha mashine kwenye Safi kabla hujaangalia ndani. Umeshafagia nyumba nzima, ndipo unaniambia mwizi aliingia. Nyayo nitazitoa wapi? Kesho usiende madukani. Kaa nayo, uone kwa macho yako."

Kesho yake, Ijumaa, Kiherehere akakaa nayo. Asubuhi ikapita, programu imetulia tuli, haikujikunja wala kujikunyata. Akaangalia ndani ya mashine kila pembe, hakuna kitu. Jua likafika utosini, likapita, ikakaribia jioni. Akaona sasa atachekwa mpaka na huyo bosi.

"Baba," akasema bila hata kugeuka, kama mtu anayejisemea, "wewe ndiye unayeshinda humu. Hujawahi kuiona hii kitu ikijikunja?"

Kochi likalia. Kiherehere akageuka akamwona baba yake amekaa, mkono umeshika mgongo wa kochi, anajiinua. Akaruka kumshika. Baba akamsukuma. Akashika kabati, akapumzika, akashika meza. Kiherehere akampisha kitini, asijue anataka nini, akiwa amenyoosha mikono pembeni asije akaanguka.

Mkono wa kushoto ukashika kipanya. Programu ikakunjwa, ikalala chini ya kioo.

"He! Kumbe ni wewe!" Kiherehere akapiga makofi. "Baba jamani! Watu wamenicheka mpaka wamenimaliza, wananiuliza kama tuna paka—"

Baba hakucheka. Alifungua ukurasa mtupu, akaunyooshea kidole pale katikati, kwenye weupe. Akamtazama binti yake. Kisha akagusa kichwa chake, pembeni ya jicho, akafungua kiganja kuonyesha kwamba hakina kitu. Akarudia: ukurasa, kichwa, kiganja kitupu. Machozi yakaanza kumteremka na upande mmoja wa uso wake haukuwa na habari nayo.

Kiherehere akachelewa kuelewa. Halafu akaelewa yote kwa mpigo, akashika mdomo.

"Baba. Ulikuwa unaandika hapa?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Asubuhi tukiondoka? Na ukahifadhi?"

Akakubali mara mbili, kwa hasira kidogo. Yeye, asihifadhi?

"Na ukirudi kesho yake hukuti kitu."

Baba akafumba macho.

"Si kichwa chako!" Kiherehere alipiga magoti mbele ya kiti akamshika mapaja. "Baba, nisikilize. Hapo unapoandika si kompyuta yenyewe, ni mashine ya majaribio. Mimi kila mchana naifuta! Narudi tu, hata sijavua viatu, nafuta kila kitu kinarudi mwanzo. Sikujua kama kuna mtu ndani. Uliandika kweli, baba. Uliandika kila siku. Ni mimi niliyekuwa nakufuta."

Alimwonyesha. Aliitoa mashine pepe kwenye kioo kizima, ikawa dirisha dogo, na nyuma yake ikaonekana kompyuta ya kweli ambayo baba hakuwahi kuiona. Akamweleza mfumo wa zamani, kumbukumbu nusu kwa nusu, Safi na maana yake. Alimweleza vyote alivyopaswa kumweleza tangu siku ya kwanza, harakaharaka, huku anafuta makamasi. Mzee Nukta alisikiliza kwa makini ya mtu wa kazi. Mwishoni akashika mkono wa shati lake pasipo na kifungo, akauonyesha kwa binti, akapiga meza kando ya kibodi.

"Hicho sikielewi, baba."

Akapiga tena, shati, meza, shati. Ndipo mlango ukafunguka, mama akaingia na mfuko wake wa kazi, akawakuta mmoja kitini mmoja chini, wote wanalia.

"Kuna nini? Ameanguka tena?"

"Mama, mkono wa shati na meza ni nini?"

Mama akamtazama mumewe, akatazama shati. "Kifungo? Nilikiokota hapo mezani juzijuzi. Nikajua kimedondoka, nimekitia kwenye kopo, nilitaka nikishone." Akaenda, akarudi na kopo, akakitafuta kati ya wenzake mpaka akakipata. "Si hiki?"

Baba alikichukua, akakigeuza kwenye kiganja chake kizima. Sauti ikamtoka. Mama akaogopa, mpaka alipogundua kwamba mumewe anacheka. Kilikuwa kicheko kilichopinda, kimeegemea upande mmoja, lakini ni chake kile kile.

Kiherehere akamtengenezea baba sehemu yake kwenye kompyuta ya nje, ile halisi, yenye jina lake. "Mashine ya majaribio si mahali pa kukaa mtu," akasema. Mama alitaka aandike papo hapo. Lakini siku ile ilikuwa imemchosha baba. Aliandika neno moja tu: *Kesho.*

Mama akalisoma, akalisoma tena. "Kesho," akasema. Kisha akakumbuka kwamba kesho ni Jumamosi.

*

Shangazi alifika mapema, na gari, na dereva, na blanketi jipya ambalo bado lilikuwa kwenye mfuko wake. Alimkumbatia mdogo wake, akamfuta mdomo kwa kanga, akaanza kuuliza dawa ziko wapi na nguo za kubadili ziko wapi. Aliyasema yote kana kwamba baba hayupo pale.

"Wifi, subiri kwanza," mama akasema.

"Nisubiri nini? Njia ni ndefu, na dereva ni wa watu."

Baba alikuwa ameshashika kabati. Shangazi akamwona, akapiga ukelele, akataka kukimbilia. Kiherehere akamzuia kwa mkono, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mkubwa yeyote. "Shangazi, nakuomba. Mwache."

Wakasimama wote watatu. Mzee Nukta alijishusha kitini, akapumua, akaanza kutafuta herufi. Ilichukua muda mrefu. Dereva huko nje akapiga honi na hakuna aliyemjibu. Shangazi akavaa miwani yake akainama, akaanza kusoma kwa sauti, neno kwa neno, kadiri yalivyotokea.

"*Dada... keti.*"

Akaketi. Aliketi kama msichana aliyeamriwa.

"*Nasikia... kila kitu.*" Sauti yake ikapungua. "*Usinisemee... mimi... nikiwa... hapa.*"

Kidole kikaendelea. Shangazi hakusoma tena kwa sauti. Midomo tu ilikuwa inacheza. Herufi zilikuwa sita. *Siendi*. Kisha kidole kikabaki hewani, kinazunguka juu ya kibodi, kimepotea. Mama akadhani amechoka. Kiherehere akadhani kuna neno lingine. Shangazi peke yake, aliyewahi kumwona mtoto huyu akikataa kutoka darasani mpaka amalize mstari, ndiye aliyejua kinachotafutwa.

"Iko chini, kulia, we mkaidi," akasema, na kilio kikamshika katikati ya maneno. "Iweke basi hiyo nukta yako, tujue moja!"

Akaiweka.

Shangazi akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa, akaivua tena. "Niliambiwa hayupo," akasema. "Mimi niliambiwa hayupo." Akamshika mdogo wake kichwa kwa mikono miwili, kile kichwa alichokuwa ameshakizika. "Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuwa naongea na wewe kama kabati."

Tatizo la asubuhi bado lilikuwepo, sitaki kukudanganya. Maneno kwenye kioo hayamwinui mtu sakafuni. Ila sasa walilizungumza wakiwa wanne, na mmoja wao akipiga meza kila alipotaka wamsubiri. Kiherehere akasema atamwomba bosi wake afanye majaribio asubuhi na madukani aende jioni, mama akisharudi. Kama bosi atakubali hakuna aliyejua. Shangazi akatoka nje akamlipa dereva, akarudi na ule mfuko wa blanketi, akaukalia.

"Mpaka hapo mtakapojipanga, nipo. Blanketi nitajifunika mwenyewe."

*

Jumapili asubuhi mama alikuwa jikoni ameshaonja mara ya kwanza, akasikia meza inapigwa sebuleni. Akaenda na kijiko mkononi. Mumewe alikuwa kitini, ameamka kabla ya watu wote, na kwenye kioo palikuwa na maneno.

Kiherehere akajinyanyua kwenye mkeka aliolalia. "Nikusomee, mama?"

"Niache. Nina macho yangu."

Akavaa miwani ya kushonea, akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

*Mke wangu, kuhusu ile chai. Ilikuwa nzuri. Mdomo wangu ndio ulikuwa umeshaanza kufa, nikadhani ni chai. Nimekuwa nikikuandikia hivi kila siku.*

Mama akasoma kwa kidole, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Akarudi juu, akasoma tena. Shangazi alikuwa ameamka anatazama. Mama akaweka mkono kwenye bega la mumewe, lile bega la kulia lisilohisi, halafu akauhamishia kwenye la kushoto ili ausikie.

"Kiherehere," akasema baadaye. "Hifadhi hiyo."

"Ameshahifadhi mwenyewe, mama."

"Hifadhi tena."

Akarudi jikoni. Walimsikia anapenga pua, wakamsikia anafungua kabati la vikombe. Chai ilimiminwa. Akatoka nayo ikitoa moshi, ameishika kwa mkono mmoja, akaiweka mbele ya mumewe bila kuionja tena.